MILIMA INAYOZAA MITO: KUTOKA RUMONGE HADI MLANGO WA GANGA

MJI wa Rumonge uko kando ya Ziwa Tanganyika, yapata kilometa 75 kusini ya Bujumbura. Wengi huujua kwa mawese yake, kwa ndagala wanaoanikwa ufukweni, kwa misikiti yake na kwa Kiswahili kinachosemwa sokoni na bandarini. Mgeni afikapo hapo hutazama magharibi, penye maji mapana na milima ya Kongo ng'ambo. Ni wachache wanaogeuka kutazama mashariki, ambako milima ya Bururi imesimama juu ya mji kama ukuta.

Hata hivyo, jambo kubwa la nchi hii liko huko mashariki. Mvua inayonyesha upande mmoja wa mgongo wa milima ile huteremka hadi Ziwa Tanganyika, hutoka ziwani kwa Mto Lukuga, huingia Mto Kongo na kuishia bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha upande wa pili hushika njia ya Mto Naili na kuishia bahari ya Mediterania, huko Misri. Matone mawili ya wingu moja huagana kileleni, wala hayaonani tena.

Katika nchi ya India, mahali kama hapo pasingekosa mahekalu. Wahindu tangu kale wameheshimu mito, na hasa pale mto unapotoka milimani. Afrika Mashariki nayo ina mahali ambapo Wahindu hufika mtoni kwa heshima ya namna hiyo, na sehemu ya maji ya mahali hapo imetoka katika vilima vilivyo juu ya Rumonge. Yafaa basi kueleza hija hiyo ni kitu gani, maji hayo yanatoka wapi, na heshima hiyo inamdai nini mtu anayekaa chini ya mlima.

HARIDWAR, MJI WA MLANGONI

Mji mmojawapo mashuhuri sana wa hija ya Kihindu ni Haridwar, ulioko kaskazini ya India katika jimbo la Uttarakhand. Mto Ganga huanzia katika barafu ya Gaumukh, kwenye milima ya Himalaya, hupita katika mabonde membamba kiasi cha kilometa 250, kisha hapo Haridwar huiacha milima na kuingia katika uwanda mpana. Jina la mji lina maana ya mlango wa Hari, na Hari ni jina mojawapo la mungu Vishnu.

Mahali patakatifu zaidi mjini ni Har ki Pauri, penye ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Mahujaji hushuka ngazi hizo kuoga, wakiamini kuwa maji yale huondoa dhambi. Mto una nguvu na maji ni baridi, kwa hiyo minyororo ya chuma imefungwa ukingoni ili waogaji waishike wasichukuliwe. Jua linapotua makuhani hupunga taa kubwa za mafuta huku kengele zikilia, na watu huweka juu ya maji vikombe vidogo vya majani vyenye maua na utambi unaowaka. Taa hizo huelea na kupotea gizani.

Juu ya mji kuna vilima viwili vyenye mahekalu. Upande wa magharibi, juu ya kilima cha Bilwa, lipo hekalu la Mansa Devi, mungu wa kike ambaye huaminiwa kuwapa watu haja zao. Mwenye haja hufunga uzi katika mti ulioko hapo, na akijaliwa hurudi kuufungua. Ng'ambo ya mto, juu ya kilima cha Neel, lipo hekalu la Chandi Devi. Wenye nguvu hupanda kwa miguu; wazee na wagonjwa hupanda kwa vigari vinavyoning'inia katika waya. Karibu na mahali patakatifu nyama na pombe haviuzwi, na mgeni huvua viatu kabla ya kuingia hekaluni.

Kila baada ya miaka kama 12 hufanyika hapo mkutano uitwao Kumbh Mela, ambao hufanyika kwa zamu katika miji minne: Haridwar, Prayagraj, Ujjain na Nashik. Mahujaji huhesabiwa kwa mamilioni. Askari wasomao habari hizi watajua mara moja uzito wa kazi hiyo. Tarehe 29 Januari 2025 watu wasiopungua 30 walikufa kwa kukanyagana huko Prayagraj. Mwezi Julai mwaka huo huo, katika ngazi za kupandia Mansa Devi huko Haridwar, watu wasiopungua 6 walikufa baada ya kuvuma uvumi kwamba waya wa umeme umekatika. Njia nyembamba, watu wengi na neno moja la uongo vilitosha kuleta msiba. Kwa hiyo katika hija kubwa polisi ana kazi ya kutenga njia ya kupanda na njia ya kushuka, na ya kuwaambia watu ukweli mapema kabla uvumi haujawafikia.

NYWELE ZA SHIVA

Wahindu husimulia jinsi Mto Ganga ulivyofika duniani. Zamani Ganga alikuwa mungu wa kike aliyekaa mbinguni. Mfalme Bhagiratha alifanya ibada ngumu miaka mingi akimwomba ateremke, kwa kuwa majivu ya mababu zake yalikuwa yamelala duniani bila maji ya kuyatakasa. Ganga akakubali. Lakini ikajulikana kwamba akianguka kwa nguvu zake zote ataipasua ardhi. Ndipo mungu Shiva alipokaa mlimani akakinga kichwa chake. Maji yakaanguka katika nywele zake ndefu, yakazunguka humo, yakapoa, yakatoka kwa vijito vidogo vidogo vyenye faida kwa watu.

Msomaji wa dini nyingine hana haja ya kuiamini hadithi hii ili aone maarifa yaliyomo. Waliotunga habari hiyo walikuwa watu waliokaa chini ya milima mirefu, nao walijua mambo mawili: kwamba maji ya mvua yakishuka bila kizuizi huua, na kwamba yakizuiwa juu huleta uhai. Wako wanaozifasiri nywele za Shiva kuwa ndizo misitu ya mlimani. Fasiri hiyo yafaa kukumbukwa, maana itatuhusu tutakaporudi Rumonge.

MAJIVU YALIYOTUPWA JINJA

Wahindu huchoma maiti, na majivu huyapeleka katika maji yatiririkayo. Aliye karibu na Ganga huyapeleka Ganga. Lakini Wahindi waliohamia Afrika Mashariki walikuwa mbali na mto huo, nao wakautazama Mto Naili pale unapotoka katika Ziwa Victoria, mjini Jinja katika nchi ya Uganda.

Mahatma Gandhi alipouawa mwezi Januari 1948, majivu yake yaligawanywa na kupelekwa katika mito mingi. Sehemu yake ililetwa Uganda ikatupwa katika Mto Naili hapo Jinja, mwaka huo huo wa 1948. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua hapo sanamu ya Gandhi. Tangu hapo Wahindu wanaosafiri Afrika Mashariki hufika Jinja kutoa heshima zao, kama vile mahujaji wengine wafikavyo ukingo wa Ganga.

Historia ya Jinja ina majonzi yake pia. Mji huo ulijengwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na karibu yake, huko Kakira, ndiko Muljibhai Madhvani alikoanzisha kiwanda cha sukari. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia katika Uganda, na mji ukabaki na maduka na nyumba zisizo na wenyewe. Katika miaka ya 1980 na 1990 baadhi yao walirudi na kurudishiwa mali zao, na mahekalu yakapata tena watu wa kuyafagia. Hekalu laweza kujengwa kwa mawe magumu, lakini wasipokuwapo watu wa kulitunza huwa ghala tupu.

KUFUATA MAJI HADI RUTOVU

Maji yapitayo Jinja yanatoka wapi? Ziwa Victoria hupokea mito mingi, na mkubwa kuliko yote ni Kagera. Mtu akiufuata Kagera kwenda juu atafika Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, karibu na hapo Ruvubu unapoungana na Nyabarongo. Akiufuata Ruvubu ataingia Burundi. Katika Burundi ataufuata Ruvyironza, na mwisho kijito kidogo kabisa kiitwacho Kasumo, chini ya kilima cha Gikizi, huko Rutovu katika eneo la Bururi.

Mwaka 1937 Mjerumani aitwaye Burkhart Waldecker alithibitisha kwamba hapo ndipo chanzo cha Naili kilicho kusini kupita vyote. Mwaka uliofuata ilijengwa piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima, kwa ukumbusho wa piramidi za Misri zilizoko upande wa pili wa mto huo huo. Wako wataalamu wanaosema chanzo kilicho mbali zaidi kwa urefu wa njia ni kile cha msitu wa Nyungwe, katika Rwanda. Hoja hizo mbili hazigombani: moja yapima kusini, nyingine yapima urefu.

Anayetoka Rumonge kwenda Rutovu hupanda. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Rutovu vimezidi mita 2,000. Mwanzoni msafiri hupita katikati ya michikichi na migomba, na jasho linamtoka. Barabara hujipinda, ziwa hubaki chini likimeta, na upepo hugeuka kuwa baridi. Karibu na mji wa Bururi upo msitu wa asili wenye hekta zipatazo 3,300, unaolindwa na serikali, ambamo miti mirefu hushika ukungu na kuudondosha ardhini. Baada ya hapo huonekana malisho ya ng'ombe, mashamba ya mahindi na maharage, na watu waliojifunika mablanketi asubuhi.

Mgeni anayetarajia kuona maajabu makubwa hapo Kasumo hushangaa. Hakuna maporomoko wala ngurumo. Maji safi hutoka katika bomba dogo, kiasi ambacho mtoto angeweza kukinga kwa viganja. Hata hivyo ndiyo maji yanayoanza safari ya kilometa zaidi ya 6,000, kupita nchi za watu wa lugha na dini nyingi, wengi wao wakiwa hawajapata kulisikia jina la Rutovu.

WALIOPITA BILA KUJUA

Yafaa hapa kukumbuka jinsi wageni wa zamani walivyokitafuta chanzo hicho. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, kisha wakapanda mitumbwi kwenda kaskazini hadi Uvira. Walitaka kujua kama Mto Ruzizi hutoka ziwani, maana kama ungalitoka, Tanganyika ingaliweza kuwa mama wa Naili. Wenyeji waliwaambia kwamba Ruzizi huingia. Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwa shauri hilo hilo, wakapita mbele ya pwani hii ya Rumonge, na tarehe 25 hadi 27 Novemba wakapumzika Mugere, kusini ya Bujumbura ya leo, penye jiwe la ukumbusho ambalo wageni hulitembelea. Walipofika mlangoni mwa Ruzizi waliona kwa macho yao kwamba maji yanaingia.

Basi waliendelea na safari zao wakikitafuta chanzo cha Naili katika maziwa na mito ya mbali, na kumbe walipokuwa wakipiga makasia kuelekea kaskazini, kilikuwa kwenye milima iliyokuwa mkono wao wa kulia. Hawakuwa na sababu ya kupanda huko. Waliyatazama maji makubwa, wakakosa kuuona mwanzo wake mdogo.

Wahindu pia wana sehemu katika habari hiyo. Speke alipochapisha kitabu cha safari zake mwaka 1863 alitia ndani yake ramani ya Naili iliyochorwa na Francis Wilford, aliyedai kuitoa katika maandiko ya kale ya Kihindu. Kumbe Wilford alikuwa amedanganywa na msaidizi wake, aliyeghushi maneno ili kumfurahisha, na Wilford mwenyewe aliukiri udanganyifu huo zamani kabla ya Speke kuzaliwa. Funzo lake ni jepesi: maandiko matakatifu ya watu yaulizwe mambo ya imani yao, mambo ya mito yaulizwe wenyeji na mito yenyewe.

MLIMA UKIVULIWA NGUO

Sasa turudi kwenye nywele za Shiva. Mwezi Juni 2013, katika jimbo lile lile la Uttarakhand, mvua kubwa ilinyesha juu ya Kedarnath, penye hekalu mashuhuri la Shiva. Bwawa la barafu lililoko juu likapasuka. Nyumba nyingi za wageni zilikuwa zimejengwa ukingoni mwa mto, na maji yaliyobeba mawe yakazizoa. Zaidi ya watu 5,000 walikufa au kupotea, wengi wao wakiwa mahujaji. Hekalu lenyewe lilibaki limesimama. Watu waliofika kuuheshimu mlima walikuwa wamejengewa malazi mahali ambapo mlima haukutaka.

Pwani ya Rumonge imeonja uchungu wa namna hiyo. Mwezi Machi 2015, huko Gitaza, katika barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, mvua iliangusha udongo wa mlima juu ya makazi. Watu walikufa na barabara ikakatika. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilijaa likaingia katika nyumba za watu huko Gatumba na hapa Rumonge, likakaribia kimo kilichoonekana katika miaka ya 1960. Kujaa kwa ziwa kulitokana zaidi na mvua nyingi katika nchi zote zinazolizunguka, na ziwa hilo kubwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani Lukuga. Hakuna kaya wala kijiji kiwezacho kuizuia mvua. Lakini udongo unaoziba mito na kuifanya itapike kabla ya kufika ziwani, huo hutoka katika mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko na katika vilima vilivyokatwa miti kwa ajili ya makaa.

Jambo hili linahusu nyumba moja moja kuliko inavyodhaniwa. Mama apikaye kwa mafiga matatu hutumia kuni nyingi kuliko apikaye kwa jiko la udongo lililofunikwa vizuri. Baba alimaye mlimani aweza kuchimba mitaro ya kukinga mteremko na kupanda majani ya ng'ombe juu ya matuta yake. Majani hayo hushika udongo na pia hulisha mifugo. Mwaka 2018 Burundi ilianzisha kampeni ya kupanda miti iitwayo Ewe Burundi Urambaye, yaani Burundi iliyovaa nguo. Jina hilo limechaguliwa vizuri. Lakini mche uliopandwa siku ya sherehe na kuachwa uliwe na mbuzi siku ya pili haumvishi mtu nguo.

Mababu wa Burundi walikuwa na njia yao ya kulinda. Makaburi ya wafalme yaliwekwa vilimani, yakiwa na walinzi wake, na miti iliyoyazunguka haikuguswa na shoka. Katika ibada ya Kiranga uliheshimiwa mti wenye maua mekundu uitwao umurinzi, na jina hilo maana yake ni mlinzi. Leo watu wa pwani hii ni Waislamu na Wakristo, wala hawaitwi kurudi katika ibada hizo. Wanachoweza kurithi ni ile adabu ya kusema: mti huu haukatwi, kwa sababu umesimama kwa niaba ya wote.

KWA FAMILIA ZINAZOTAKA KUZURU

Familia za askari hupata likizo chache, na safari ya Rutovu yafaa kufikiriwa. Miezi ya kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri, maana barabara hazina utelezi. Watoto wavikwe sweta, hata kama Rumonge kuna joto kali asubuhi wanapoondoka. Chakula kichukuliwe kutoka nyumbani: ndizi za kuchemsha, maharage na ndagala wa kukaanga hukaa vizuri kikapuni. Maji ya kunywa yachemshwe, hata yale ya chemchemi. Pasifuliwe nguo wala kutupwa takataka hapo Kasumo, maana kila kitu kikiangukacho huanza safari kwenda kwa watu wengine.

Mzazi awaoneshe watoto piramidi, kisha awaoneshe bomba lile dogo, na awaulize maji yale yatafika wapi. Mtoto akiweza kutaja Ruvyironza, Ruvubu, Kagera, Jinja, Khartoum na Misri, atakuwa amejifunza jiografia ya siku moja isiyosahaulika. Na kama siku moja atafika Jinja au Haridwar, au ataona jirani wa Kihindi katika mtaa wa Asiatique mjini Bujumbura akiwasha taa yake ya ibada, asicheke. Avue viatu mlangoni, anyamaze, aulize kwa adabu. Atajibiwa.

Wakati wa kurudi, gari linapoteremka kuelekea ziwani, ni vema kutazama nje kwa makini. Mahali palipo na msitu, kijito hutoka kikiwa cheupe. Mahali palipolimwa bila matuta, hutoka chekundu. Anayekaa Rumonge hupokea vyote viwili mlangoni kwake, na afadhali aanze kuuliza nani analima huko juu, namna gani, na yeye mwenyewe amepanda miti mingapi.